Namba Moja ya Kamanda

Katika nyumba ya Scholastique, mtaa wa Nyakasanza, kitu hakihamishwi. Sufuria ya sombe, yaani kisamvu, ina msumari wake ukutani. Kiti cha mumewe kiko upande wa dirisha, na ole wake mgeni atakayekisogeza kutafuta upepo. Majirani walimtania kwa hilo tangu zamani. Walisema Mama Schola akifika mbinguni atauliza nani amehamisha mawingu. Naye alikuwa akicheka, anakirudisha kiti mahali pake, kisha anaendelea na mazungumzo yake.

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo, aliiokota kazini. Mwaka wa 2002 Bunia ilikuwa mji wa kuamka na kuuliza nani anatawala leo. Wenye malori walikuwa na chama chao, na chama kilikuwa na vituo vya redio Bunia, Mahagi, Bule na Kpandroma. Redio ya sauti, ambayo hapa watu huiita foni, ilikuwapo, lakini kila mwenye bunduki alikuwa anaisikiliza. Ukisema kwenye foni kwamba njia fulani ina hatari, unaulizwa ni hatari gani, na nani amekuambia. Ndiyo maana fundi mmoja, Laurent, alifunga kompyuta kuukuu kwenye redio za vituo, akazilisha kwa betri za gari, akazifundisha kupelekeana namba. Moja, njia wazi. Mbili, subiri. Tatu, njia imefungwa. Namba yoyote nyingine ambayo kompyuta haiijui, kioo cha kompyuta, ambacho hapa watu hukiita écran, kiliandika ULIZA, na dereva akajua haendi popote mpaka mtu wa miguu atoke huko na habari.

Honoré, mume wa Scholastique, alikuwa mmoja wa madereva hao. Lori lake lilikuwa la buluu, limeandikwa MUNGU IKO juu ya kioo cha mbele, na lilikuwa likileta maharage kutoka Mahagi. Alikuwa mtu wa kupenda watu, na mtu wa namna hiyo huamini kila anachoambiwa. Mkewe alilijua hilo, likamkosesha raha.

"Batu inadanganya," alimwambia mara nyingi. "Namba haiko na ndugu, haiko na kabila. Angalia écran, usisikie mutu."

Honoré alimtii. Akiwa Mahagi hakuwasha injini kabla ya kupita kituoni na kusoma kioo. Wenzake walimwita mtumwa wa mke wake, naye akawaambia ndiyo, na kwamba chakula cha utumwa huo ni kitamu.

Kisha mwezi wa nane nyumba ya Laurent ikachomwa. Yeye mwenyewe alipata ndege ya kwenda Uganda, lakini maandishi ya asili ya programu zake, yale ambayo fundi huyafungua akitaka kubadilisha jambo, yaliungua pamoja na nyumba. Programu zenyewe zilibaki vituoni, zinafanya kazi. Ila zilikuwa kama mandazi yaliyokwisha kuiva: unaweza kuyala, huwezi kuyatoa chumvi.

Kilichookoka ni kile mafundi hukiita maktaba. Ni fungu la amri ambalo programu nyingi hulitumia kwa pamoja, badala ya kila moja kubeba lake. Maktaba ya Laurent ndiyo iliyopokea namba kutoka redioni, ikaisafisha kelele, ikaikabidhi kwa programu ya kituo. Scholastique, aliyekuwa akifundisha hesabu kabla shule hazijafungwa, alikuwa na maandishi yake yote. Akaanza kuitunza. Akirekebisha kasoro anaifunga kwenye disketi, anampa dereva, dereva anaipeleka kituoni, na ile mpya inakaa mahali pa ile ya zamani.

Hapo ndipo alipojifunza kutohamisha. Programu ya zamani haimjui mtu kwa jina, inamjua kwa mahali alipokaa. Aliyekaa pa kwanza, kwake huyo ni "wazi". Ukitaka kuongeza mgeni, mpeleke mwisho wa mstari, pasipo na mtu. Ukimwingiza mbele na kuwasogeza wenyeji, programu haitalalamika. Itamchukua mgeni, itamwita kwa jina la mwenyeji, na itaendelea na kazi kwa moyo mweupe. Hilo lilimtisha Scholastique kuliko mashine kuzimika. Mashine iliyozimika inajulikana imezimika.

Ikawa wakati huo aliyetawala upande wa mashariki wa mji alikuwa na kizuizi chake kwenye njia ya Mahagi, kwenye kona yenye mikaratusi. Mtu huyo aliitwa Kamanda tu. Madereva waliopita pale na kurudi hawakupenda kuzungumza. Wengine hawakurudi. Siku moja Kamanda akaja mwenyewe kwenye kituo cha Bunia, alikofanya kazi Scholastique, pamoja na katibu wake Rodrigue, aliyewahi kusoma kompyuta Kisangani.

"Mama," alisema Kamanda, "barrière yetu haiko mu machine yenu. Siye haiko serikali?"

"Tutaiweka, afande."

"Muiweke ya kwanza."

Msomaji asicheke. Bunia harusi imewahi kuvunjika kwa sababu mjomba wa bwana harusi alitajwa baada ya mkuu wa mtaa. Hapa mkubwa hutangulia, kwenye sahani, kwenye msiba, kwenye hotuba. Kamanda hakuomba kitu cha ajabu. Aliomba wanachoomba wakubwa wote, tofauti ni kwamba yeye aliomba akiwa na bunduki mlangoni.

Scholastique alifanya kama alivyojua. Katika maktaba alimweka Kamanda wa nne, mwisho wa mstari. Kwenye kioo cha Bunia, ambacho programu yake aliiandika mwenyewe, neno NJIA YA KAMANDA likatokea juu ya mengine yote. Vituo vingine havikuijua namba nne. Vikiipokea vitaandika ULIZA, na dereva atakaa. Moyoni alifurahi kama mwizi. Kamanda alitazama jina lake kule juu, akaagiza soda.

Rodrigue hakunywa. Aliomba kuona maandishi ya maktaba, akayasoma taratibu kwa kidole.

"Hapa iko ya ine," alisema.

"Ku écran iko ya kwanza, papa Rodrigue."

"Ku écran naona. Lakini mu bibliothèque iko ya ine. Chef anaweza kuwa wa ine?"

Jibu zuri alikuwa nalo, na ndilo asiloweza kulitoa. Angesema nini? Kwamba namba nne ndiyo inayowaambia madereva wasije? Heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Alisema tu kwamba mashine inapenda hivyo, na sauti yake ikawa ndogo.

Kamanda aliweka chupa chini.

"Mama, uko na bwana?"

"Ndiyo, afande."

"Anafanya kazi gani?"

"Iko chauffeur."

"Njia gani?"

Alitamani kusema ya Beni, ya Komanda, njia yoyote nyingine duniani. Lakini Bunia nzima ilijua lori la Honoré.

"Ya Mahagi."

"Basi anapita kwetu," alisema Kamanda kwa upole, akainuka. "Ya kwanza, mama. Na ifike ku vituo vyote."

Mwenye nguvu mpishe. Scholastique alimpa Kamanda namba moja, akawasukuma wengine nyuma. Alijua anachokiandika: mahali pa "wazi" sasa palikaa kizuizi cha mauaji. Lakini fundi mzuri ana mlango wa nyuma. Kila maktaba ina jina na kizazi chake, yaani toleo, na hupiga mhuri wa kizazi hicho kwenye kila ujumbe inaoutuma; programu ya zamani huita kizazi inachokijua, haichukui kingine. Ile mpya akaiita kizazi cha pili, akazifunga zote mbili kwenye disketi moja ili zikae vituoni bega kwa bega. Programu ya Mahagi itaendelea kuita kizazi cha kwanza. Na ujumbe wa Kamanda, ukiwa na mhuri wa kizazi cha pili, ukifikia maktaba ya zamani utakuwa ugeni mtupu. Kioo kitaandika ULIZA. Kamanda atakuwa kituoni, wa kwanza, kama alivyotaka, na hakuna programu itakayomtumia. Mgeni amepewa kiti barazani, hajapewa ufunguo wa nyumba.

Rodrigue alisoma, akaona namba moja, akaridhika. Disketi hakuiacha ipelekwe na dereva. Aliituma kwa gari lao, na askari wake.

Honoré alikuwa Mahagi wakati huo, anapakia. Scholastique aliita kituo kwa foni. Aliyepokea alikuwa Alexis, mwendeshaji wa kituo, mtu mwaminifu na mwoga, kama wengi wetu.

"Alexis, mugeni iko nakuja. Mupe kiti. Usimupe kitanda ya muzee. Unanisikia?"

"Nasikia, mama. Muzee analala mu kitanda yake."

Alielewa. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu baadaye watu walimwita mjinga, na hakuwa mjinga.

Asubuhi iliyofuata namba kutoka kizuizini, ambako Rodrigue alikuwa amefunga redio na kompyuta yao, ilifika Bunia. Kioo cha Scholastique kikaandika NJIA YA KAMANDA. Alikitazama bila wasiwasi. Moyoni alimwona Honoré mbele ya kioo cha Mahagi, anasoma ULIZA, anazima injini, anarudi kwa Alexis kudai chai. Atalalamika juu ya maharage kupata unyevu. Acha alalamike. Alinunua sokoni samaki wa ziwa kutoka Tchomia, akampa mwuzaji salamu za familia nzima, akarudi kazini.

Saa ya foni ilipofika, Alexis ndiye aliyeita. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeponea, hata akasahau kuna wengine wanaosikiliza foni.

"Mama Schola, kazi imeisha. Ile ya chef ndiyo iko natumika sasa."

"Inatumika namna gani?"

"Musoda yao mwenye bunduki alisimama nyuma yangu. Aliuliza ya chef ni gani. Nikamuonyesha. Akauliza kama ndiyo machine inatumia. Mama, nitadanganya namna gani, bunduki iko hapa ku mugongo? Nikatupa ya zamani. Programme ikakataa kufunguka, ikaita ya zamani. Basi ile mupya nikaipatia jina ya zamani. Ikafunguka muzuri. Hata haikulia."

Haikulia. Alexis alikuwa amemvisha mgeni shati la mwenyeji, na programu, isiyojua sura, imemfungulia mlango. Maktaba mpya iliujua mhuri wa kizazi cha pili, ikaikabidhi programu namba moja kama ilivyokuja. Na namba moja, kwa programu ya Laurent, ilikuwa na maana moja tangu siku ilipozaliwa.

"Alexis, écran yako inasema nini?"

"Njia wazi, mama. Tangu asubuhi."

"Honoré iko wapi?"

"Ameshaenda. Alikuja, akasoma, akasema nikusalimie."

Maji yakimwagika hayazoleki. Hakuna njia ya kuliita lori lililoko barabarani. Scholastique hakulia, hakumgombeza Alexis. Alimwambia kwa mafumbo amrudishe mzee kitandani kwake na asimwambie mtu. Kisha akafunga khanga kiunoni akaenda kwa miguu mpaka makazi ya Kamanda, akitembea katikati ya barabara, mahali ambapo siku hizo hakuna aliyetembea.

Rodrigue alimpokea barazani. Hakumkaribisha kukaa.

"Papa Rodrigue, naomba. Lori moja iko nakuja ku barrière. Ya buluu. Mungu Iko. Mutume neno ipite."

"Mama, barrière iko ya kwanza mu machine sasa. Chauffeurs wote banaiona. Mwenye anakuja, amejua."

Alielewa kwa nini walikuwa wametaka jina lao juu. Si ukubwa tu. Anayefika kizuizini baada ya kutangaziwa, kwao alikuwa amefika kwa kusudi: mpelelezi, au mpinzani, au mtu mwenye kitu cha kuficha. Na Honoré, kwa jina la ukoo wake, alikuwa rahisi kuitwa vyote vitatu.

"Hakuiona," alisema. "Écran ya Mahagi ilimuambia njia wazi."

Rodrigue alimtazama kwa mara ya kwanza kama fundi anavyomtazama fundi. Alianza kuhesabu kichwani, na uso wake ukaonyesha amefika mwisho wa hesabu: wa kwanza, wa nne, kwa nini mwanamke huyu alikazania mwisho wa mstari. Aliyajua yote.

"Nani alifanya vile?" aliuliza.

Majina yalikuwa matatu. La Kamanda halikutajika. La Alexis lingemwua Alexis kabla jua halijatua.

"Ni mimi," alisema Scholastique.

Rodrigue aliingia ndani. Alikaa huko kitambo. Pengine alizungumza kwenye redio, pengine alisimama tu nyuma ya mlango akingoja mama huyu achoke. Hilo hakuna aliyelijua. Alipotoka alisema, "Rudi kwako, mama. Tutaona."

Alirudi. Alimkaanga yule samaki kwa sababu alikuwa amemnunua. Jua lilikuwa bado juu aliposikia lori. Mke wa dereva hasikii lori, anasikia lori lake: gia ya tatu ya MUNGU IKO ilikuwa na kikohozi, na kikohozi hicho kilikuwa kinapanda kutoka upande wa mtaa wa Mudzipela. Akaacha mafuta motoni akatoka mbio. Majirani walitoka pia, wakipiga makofi, maana habari ya kizuizi ilikwisha kuenea. Alicheka. Wote walimwona akicheka, ameinua mikono miwili.

Lori lilipita mbele yake, la buluu, limejaa magunia. Kwenye usukani alikaa mwanaume mwingine, mdogo, mwenye kofia ya Honoré. Hakumtazama mtu. Alikwenda nalo mpaka makazi ya Kamanda na lango likafungwa nyuma yake.

Makofi yalikoma moja moja.

Mwili haukupatikana. Scholastique alirudi kazini baada ya matanga, akaipanga upya maktaba, wenyeji kwenye nafasi zao kama Laurent alivyowaacha, Kamanda wa nne, mwisho wa mstari. Rodrigue alikuja kukagua. Aliona ya nne, akageuza uso dirishani, akasema iko sawa. Scholastique hakumshukuru. Alexis aliendelea kupokea namba Mahagi, na kila saa ya foni alimsalimu kwa sauti inayozidi kudidimia, mpaka siku moja akauliza kama Papa Honoré alifika. Mtu akiuliza jambo analolijua, anaomba kupigwa. Scholastique alimwambia hali ya hewa ya Bunia.

Wenye busara walianza kumshauri. Shemeji yake, akitaka kumrithi, alituma wajumbe mara mbili: mwanamke peke yake katika vita, kiti kitupu kinaita wezi. Aliwapa chai wajumbe na kuwaketisha kwenye mkeka.

Mwezi wa tatu mji ulibadilisha mikono tena. Kamanda alikimbia na watu wake, kituo kikaporwa hadi milango, lakini mashine Scholastique alikuwa ameihamishia nyumbani chini ya gunia la makaa. Wapya walipouliza nani anajua habari za njia, walielekezwa Nyakasanza. Mkubwa wao alikuja mwenyewe, amechoka, miguu imejaa matope. Askari wake alitazama chumbani, akakivuta kiti cha dirishani, akakiweka katikati. Mkubwa akakaa.

Hakuna aliyewahi kukikalia tangu siku ile. Scholastique aliitoa mashine chini ya gunia, akaiwasha. Mkubwa aliomba kuona kioo, akasoma jina la adui yake, akakunja uso.

"Toa hii. Weka barrière yetu. Ya kwanza."

"Jina itatoka, afande. Ya kwenu nitaiweka ya tano."

Askari alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka.

"Ya ine iko na nani?"

"Ya ine ilishapewa mutu. Haipewe mwingine tena, hata yule amekimbia. Iko vituo yenye bado inamukumbuka."

"Na mimi nikisema ya kwanza?"

Mara ile nyingine alikuwa ameulizwa hivyohivyo, akajibu kwamba mashine inapenda hivyo. Safari hii alikuwa hana tena wa kumhofia barabarani. Alisimama mbele ya kiti.

"Nitakuwekea. Kabla yako mwingine alitaka vile, nikamuwekea, Mahagi ikasoma njia wazi. Bwana yangu alisoma, akakuja, wakamuua. Mafuta ya magari yenu inatoka Mahagi, afande. Chauffeurs yenu nao banasoma ku écran ile ile. Sema tu. Nitaandika mbele yako."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Mkubwa alimtazama mwanamke huyo, akaitazama mashine, na ilionekana anapima kipi kinamgharimu zaidi, heshima au mafuta.

"Ya tano," alisema mwishoni, akainuka.

Mlangoni aligeuka. "Na yule aliandika ile ya kwanza, yenye iliua bwana yako. Ni nani?"

"Ni mimi," alisema Scholastique.

Walipoondoka alikishika kiti kwa mikono miwili na kukirudisha dirishani. Miguu ya kiti ilikuwa imeacha alama nne kwenye saruji, za miaka mingi, na ilimchukua muda kuiweka yote sawasawa. Kisha akakaa kwenye mashine akaandika ya tano. Kesho yake kizuizi kipya kikatuma namba tano, Mahagi ikasoma ULIZA, na malori yakakaa.